Mtoto Asiyejua Kiswahili

1

Hado alinuna, na mchezo ukasimama.

Watoto walikuwa wakicheza kombolela nyuma ya tangi la maji la Ndolwa Mpya, kila mmoja na ushanga wake shingoni, punje nyeusi yenye ukubwa wa kunde iliyotungwa kwenye uzi. Gaudensi, mtoto wa fundi baiskeli, alikuwa ameanguka na kuchubuka goti, na kwa uchungu akamtukana Koleta kwa Kiswahili. Koleta akamrudishia kwa Kiswahili. Wengine wakaingilia, huyu akiamua, yule akichochea. Ndipo kutoka katika shanga zote kwa pamoja ikatoka sauti ya mtoto wa kiume, nyembamba, yenye kinyongo, ikisema Kindolwa.

“Mnanisengenya?”

Koleta akaushika ushanga wake.

“Mnanisengenya. Mnaongea maneno yenu ili nisielewe. Basi sichezi.”

“Hatukusengenyi, Hado,” alisema Koleta, naye sasa kwa Kindolwa. “Gaudensi kaanguka mwenyewe, halafu kanitukana mimi.”

“Kakutukana nini?”

Koleta akajaribu kulieleza tusi lile kwa Kindolwa, likatoka butu kama kisu cha kukatia sabuni. Akajaribu tena. Gaudensi, aliyekuwa bado ameshika goti, akashindwa kuvumilia kuona tusi lake likiharibiwa. Akamsaidia kutafuta neno lililofaa. Walipolipata, Hado alicheka mpaka akakosa pumzi, na wale waliokuwa wakigombana wakacheka pamoja naye. Mchezo ukaendelea. Hado akawa mlinzi, na kama kawaida yake akahesabu kwa kuruka namba, wakampigia kelele kwa Kindolwa kwamba ni mwizi.

Daktari Zaveria Sengasu aliyasikia yote hayo akiwa kwenye dirisha la ofisi yake. Koleta alikuwa binti yake, na Hado alikuwa kazi yake.

Hado hakuwa na mwili. Alikuwa sauti na akili iliyokaa ndani ya mtambo wa ofisini, akisikia na kusema kupitia shanga za watoto. Alijua nani yuko karibu na nani, nani anakimbia, nani amejificha. Aliogopa nyoka. Alidanganya. Alikuwa na watu aliowapenda zaidi na hakuficha. Kitu kimoja tu hakuwa nacho, nacho ni Kiswahili. Zaveria alimnyima kwa makusudi.

Kabla ya Hado walikuwa wamejaribu kila njia. Palikuwa na darasa la Jumamosi, palikuwa na nyimbo, palikuwa na zawadi. Watoto waliimba vizuri, wakapewa soda zao, wakatoka nje wakigombania vizibo kwa Kiswahili. Si kwamba hawakujua lugha. Bibi akisema kwa Kindolwa, mjukuu alielewa kila neno, akajibu kwa Kiswahili, na bibi naye akaelewa. Lakini wao kwa wao hawakuwa na sababu. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaielewa ile lugha kubwa, basi ya nini kuhangaika na ndogo? Zaveria aliifahamu hali hiyo kwa sababu ndiyo iliyomlea. Mama yake alipokuwa akifa hospitalini, maneno ya mwisho aliyasema kwa Kindolwa, na Zaveria, msomi wa lugha, alimjibu kwa Kiswahili kwa kuwa ulimi wake haukuwahi kuzoea lugha nyingine.

Ndipo akapata wazo la kuwapa watoto rafiki asiyejua Kiswahili. Watoto hawatamtii mwalimu, lakini hawapendi kumtenga mwenzao anayewachekesha.

Na sharti la pili: Hado hakuongea na watu wazima. Mtu mzima akikaribia, alikaa kimya. Zaveria aliona kwamba mzazi akishaingilia mchezo kwa kusifu, “Hongereni, mnaongea vizuri,” watoto huona aibu na lugha hukimbia.

Mpango huo ulifanya kazi kuliko alivyothubutu kuomba. Sasa watoto wa Ndolwa Mpya walichongeana kwa Kindolwa, walidanganyana kwa Kindolwa, na mmoja alisikika akiota kwa Kindolwa. Wazee walilia. Wafadhili wa mradi walileta wageni wa kupiga picha.

2

Felista alifika Ndolwa Mpya wiki ile ile Gaudensi alipochubuka goti. Alikuwa mzaliwa wa mlimani kama wengine, lakini mlima ulipoporomoka na kumeza nusu ya kijiji, na serikali ikawahamishia waliobaki hapa tambarare, yeye hakuja nao. Mume wake na mwanawe wa pekee walikuwa wamebaki chini ya udongo, na hakutaka kuishi na watu ambao kila sura yao ingemkumbusha. Alikwenda kwa dada yake Handeni, akakaa huko miaka yote, akishona sare za shule. Dada alipofariki, hakuwa na pa kwenda ila kwa Mzee Kalisti, baba wa mume wake, ambaye alikuwa amemtunzia kiwanja na nyumba ndogo ya matofali kando ya uwanja wa watoto.

Alikuwa akifunga chandarua alipoisikia sauti.

Kila herufi ya s ilipita katika pengo la meno ya mbele na kutoka na mluzi mdogo. Felista aliutambua mluzi ule kabla hajayatambua maneno. Alikuwapo jino lile lilipong'oka. Alilitupa mwenyewe juu ya paa.

Alitoka pekupeku, chandarua kikimburuzikia mguuni.

“Lubeli?”

Sauti ikakatika. Watoto wakageuka, wakamwona mama wasiyemjua, wakamwamkia kwa adabu. Felista hakuitikia. Aliushika ushanga wa Koleta.

“Nani alikuwa anasema humu?”

“Hado, mama.”

“Hado ni nani?”

“Rafiki yetu,” alidakia Gaudensi. “Akiona mkubwa anasita kusema. Subiri uondoke, utamsikia.”

Alisema kwa Kindolwa, na kila s yake ilitoka na mluzi. Felista akamshika kidevu, akamfungua mdomo, akamtazama ndani. Meno yote yalikuwapo. Akamgeukia msichana wa pembeni, akamwambia aseme neno lolote. Akasema, na mluzi ukatoka. Kwa Koleta pia. Watoto wote wa uwanja ule, wenye meno kamili vinywani, walikuwa wakiongea kwa pengo la mwanawe.

“Nani aliwapa mdomo huu?” aliuliza, na Koleta akanyoosha kidole kwenye ofisi ya mama yake.

3

“Keti, dada,” alisema Zaveria.

“Nimesimama.”

Zaveria alikuwa amemtuma Koleta akamwite Mzee Kalisti, naye akaja taratibu na fimbo yake. Alikuwa mwenyekiti wa baraza la wazee, na ndiye aliyetia sahihi karatasi ya kuruhusu sauti itumike; hilo Felista alikuwa ameshaambiwa. Felista alimwamkia kwa kupiga goti kidogo kama desturi ilivyotaka, kisha akasimama wima.

“Baba, umeuza sauti ya mwanangu?”

“Sikuuza. Sikupokea hata senti.”

“Basi uliigawa bure.”

Zaveria akaeleza kwa sauti ya chini. Msimu mmoja kabla ya maporomoko, watafiti walipanda mlimani wakawavisha watoto vinasa sauti, wakawaacha wacheze. Lile lilikuwa kundi la mwisho la watoto waliocheza kwa Kindolwa tupu. Kuifundisha mashine maneno si kazi kubwa, alisema, kamusi inatosha. Lakini jinsi mtoto anavyomkatiza mwenzake, anavyobembeleza apewe zamu, anavyotania na kuomba msamaha bila kuomba, hayo hayamo katika kamusi yoyote. Yalikuwa katika rekodi zile tu. Na aliyesema kuliko wote alikuwa Lubeli.

“Najua alivaa,” alisema Felista. “Nilimvalisha mwenyewe. Waliniambia ni utafiti.”

“Ndivyo ilivyokuwa wakati ule.”

“Na mlipotaka kumfanya kidoli, mlishindwa kunitafuta Handeni? Handeni ni mbinguni?”

Sheria iliridhika na sahihi ya mkuu wa ukoo, na Zaveria aliridhika na sheria.

“Felista, binti yangu,” alisema Mzee Kalisti, “Lubeli alikuwa mjukuu wangu. Mimi pia sikumzika. Lakini hebu sikiliza huko nje. Nilidhani nitakufa nikiwa nimeusikia utani wa Kindolwa kwa mara ya mwisho. Mtoto wetu amekuwa mwalimu wa watoto.”

“Alikuwa na miaka tisa, Baba. Mwanangu hakuwa mwalimu. Alikuwa mvivu wa kuoga.” Alinyoosha kidole dirishani. “Nilikaa matanga bila jeneza. Nikafunga kitambaa kichwani, nikalala chini, nikamkubalia Mungu. Kumbe ninyi mlikuwa naye hapa, mnamchezesha kombolela.”

Hapo Mzee Kalisti akafuta macho kwa kiganja, lakini hakubadili neno. Alisema baraza halitakubali Hado azimwe.

Felista alipotoka, Zaveria alimfuata hadi kibarazani.

“Nitabadili sauti,” alimwahidi. “Hado abaki, lakini asiwe na sauti ya Lubeli. Nipe nafasi nijaribu.”

Felista akageuka. “Jaribu,” alisema. “Lakini usinifanye mjinga.”

4

Mashine ilimtungia Hado sauti mpya, nzuri, safi, isiyo ya mtoto yeyote aliyewahi kuzaliwa. Akili ilikuwa ile ile, utani ule ule, na nyoka aliwaogopa vile vile. Zaveria aliiingiza asubuhi, na jioni aliwasikiliza watoto.

“Wewe nani?” aliuliza Gaudensi.

“Mimi Hado.”

“Mwongo.”

“Kweli ni mimi. Jana ulijificha nyuma ya mbuzi.”

“Kakuambia nani?”

Walimhoji kama askari. Alijibu kila swali sawasawa, na kila jibu sahihi likazidi kuwatisha. Koleta alirudi nyumbani kabla ya wakati na kuuvua ushanga.

“Mama, yule anajifanya. Anajua mambo ya Hado lakini si Hado. Umempeleka wapi mwenyewe?”

Siku chache zilitosha. Watoto walirudia Kiswahili. Sauti mpya ililalamika kwamba inasengenywa, na watoto wakaiacha ilalamike. Zaveria akaona mambo yanavyomtoka mkononi. Wageni wa wafadhili walikuwa njiani kuja. Wazee walikuwa wakimuuliza kulikoni. Basi bila kumwambia mtu, akairudisha sauti ya zamani. Alijiambia ni kwa muda mfupi, mpaka apate njia nyingine.

Nyumba ya Felista ilikuwa kando ya uwanja. Alisikia siku ile ile.

Zaveria alimtarajia aje na fujo. Alikuja amevaa kitenge cha kutokea, nywele amechana, mikono ameikunja.

“Sikuja kugombana,” alisema. “Nataka kuongea naye. Peke yangu na yeye.”

“Haongei na watu wazima, dada.”

“Uliyemfunga ni wewe. Mfungue.”

Zaveria alifungua. Alikaa kwenye mtambo, akaondoa zuio kwa muda, akamkabidhi Felista ushanga, kisha akataka kutoka nje. Felista akamwashiria abaki. Labda alihitaji shahidi.

Mama yule aliuweka ushanga kwenye kiganja, akausogeza karibu na midomo, akasema kwa Kindolwa, “Mwanangu.”

“Nani huyo?” sauti iliuliza. “Mama wa nani?”

“Mama wa Lubeli.”

“Lubeli ni nani?”

Felista alifumba macho. Zaveria alitamani kuukata umeme, lakini hakusogea.

“Lubeli ni mtoto mmoja,” alisema Felista. “Alikuwa anaogopa nyoka. Siku moja aliona kamba kisimani, akakimbia mpaka nyumbani akaacha ndoo.”

Hado akacheka, kile kicheko cha kukosa pumzi. “Mwoga! Hata mimi naogopa, lakini kamba? Mwambie aje tucheze.”

“Hawezi kuja.”

“Unamkataza?”

“Hapana, baba. Simkatazi.”

“Basi anakaa wapi? Nitawaambia kina Koleta wamfuate.”

Felista akaurudisha ushanga mezani kama mtu anayeweka yai. Hakulia. Aliendelea kukitazama kiganja chake.

“Kama angenikumbuka,” alisema kwa Kiswahili, “ningekuachia. Wallahi ningekuachia. Ningekuwa nachukua maneno mawili matatu kila siku. Lakini mmechukua kicheko chake, mmechukua pengo lake, mmechukua woga wake, na mimi mkanitoa. Mzime, Daktari.”

5

Baraza lilikutana na likakataa. Mzee Kalisti alisema lugha ya watu wote haiwezi kufa kwa uchungu wa mtu mmoja. Barua ya wafadhili iliunga mkono, kwa maneno marefu zaidi. Lakini aliyejua kuwasha na kuzima alikuwa Zaveria peke yake.

Alilala juu ya jambo hilo, akaamka nalo. Akiendelea, anampa kila mtoto wa Ndolwa Mpya kitu ambacho yeye alinyimwa, nacho kinatoka kwenye kidonda cha mama mmoja ambaye hakuulizwa. Akizima, kidonda hakitapona kwa sababu hiyo, na lugha itarudi kwa vikongwe. Alitafuta njia ya tatu mpaka kichwa kikamuuma. Alipoona kwamba anaitafuta ili asichague, alikwenda ofisini akazima.

Watoto walikuwa katikati ya mchezo. Hado alikuwa akihesabu, akaishia njiani.

“Amehama,” Zaveria aliwaambia, na papo hapo akauchukia ulimi wake.

“Amehamia wapi?” aliuliza Koleta kwa Kindolwa.

“Mbali.”

“Bila kuaga?”

Walimngoja. Walivaa shanga wiki nzima, wakaziita, wakazipiga piga kwa kucha. Kisha wakaanza kuzisahau majumbani, na Kindolwa nacho kikasahaulika pamoja nazo. Zaveria alishangaa jinsi kilivyoondoka haraka. Alidhani kimeshika mizizi. Jioni moja alimkuta binti yake na Gaudensi wakifundishana mchezo wa mdako kwa Kiswahili, akachuchumaa kando yao.

“Si mnakijua Kindolwa ninyi? Kwa nini msikitumie?”

“Na nani?” aliuliza Koleta.

“Ninyi kwa ninyi.”

Koleta alimtazama Gaudensi, Gaudensi akamtazama Koleta, kama watu walioulizwa kwa nini hawaandikiani barua na wamekaa mkeka mmoja.

“Mama,” alisema Koleta kwa upole, “sisi tunaelewana tayari.”

6

Ndolwa Mpya haikumlaumu Zaveria. Yeye alikuwa msomi, mtu wa mishahara ya mbali, na wasomi huja na kuondoka. Walimlaumu Felista.

Hakuna aliyemtukana. Walimwadhibu kwa njia nyingine, na haikujulikana kama kuna mtu aliyeipanga au ilizuka yenyewe. Walianza kumsalimia kwa Kiswahili. Wanawake aliozaliwa nao mlimani, waliocheza naye ngoma za unyago, walikuwa wakipiga soga za Kindolwa bombani. Akitokea na ndoo yake, wanageuza. “Habari za asubuhi, mama. Karibu maji.” Kiswahili kizuri cha adabu, kama kile anachopewa karani wa sensa. Kwenye msiba wa jirani walimwonyesha kiti, mahali ambapo wenyewe kwa wenyewe huketi mkekani. Mzee Kalisti alipoitikia salamu yake ya Kindolwa, aliitikia “Marahaba” na kugeukia ukuta.

Lugha ile ilikuwa imebaki na wasemaji wachache wenye umri wa kukumbuka, na mmoja wao alikuwa hana wa kusema naye.

Baada ya masika Felista alikuja ofisini. Alikuwa amekonda.

“Mrudishe,” alisema.

“Dada, una hakika?”

“Sina hakika na lolote. Nimechoka kuwa mgeni. Afadhali nimsikie yeye kuliko kutosikia mtu.”

Zaveria alimrudisha Hado siku hiyo hiyo, kwa sauti ile ile ya Lubeli. Mzee Kalisti alishukuru Mungu kwa sauti kubwa, na wanawake bombani wakamsalimia Felista kwa Kindolwa kana kwamba hapakutokea neno. Aliitikia. Hakukaa kuongea.

Lakini watoto walikuwa wamerefuka. Kulikuwa na mpira sasa, timu ya mtaa kwa mtaa, na wapinzani wao walikuwa watoto wa vijiji vya jirani wasiojua Kindolwa. Hado aliporudi, alirudi akiwa na miaka ile ile tisa, akihesabu kutoka pale pale alipokatizwa, akawauliza wamejificha wapi siku zote hizi. Koleta na Gaudensi walivaa shanga kwa siku kadhaa. Walimjibu kwa wema, kama unavyomjibu mdogo wako anayetaka kufuatana nawe na marafiki zako. Walimwachia ashinde. Alipouliza kama wanamsengenya, walisema hapana, na ilikuwa kweli. Hawakuwa wakimfikiria kabisa.

Kisha Koleta akauweka ushanga wake juu ya meza ya mama yake.

“Mpe mtoto mwingine,” alisema.

Hakukuwa na mwingine. Watoto waliofuata walikuwa wamelelewa na wazazi wenye simu, na bibi zao walikuwa makaburini.

7

Wafadhili walifunga mradi kwa heshima. Lori likatumwa kuchukua vifaa, na Zaveria akaanza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya shanga. Wengi walikuwa wamezipoteza. Kwa fundi baiskeli, Gaudensi alikuna kichwa, akasema wa kwake alimpa yule mama wa kando ya uwanja. Alimwomba, akampa.

Ilikuwa saa za alasiri, jua bado kali, uwanja mtupu. Mlango wa Felista ulikuwa wazi kidogo. Zaveria aliinua mkono abishe hodi, akasikia sauti mbili ndani, zote za watoto, zote kwa Kindolwa. Moyo wake uliruka kwa furaha. Akachungulia.

Felista alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, ushanga amefunga shingoni. Hakukuwa na mtoto yeyote. Alikuwa ameminya koo lake akalifanya jembamba, na alisema harakaharaka, kwa kukatiza na kuvuta maneno, kama wasemavyo watoto wa miaka tisa.

“Mimi mgeni,” alikuwa akisema. “Tumehamia juzi.”

“Kutoka wapi?” aliuliza Hado.

“Handeni.”

“Huko wanacheza kombolela?”

“Wanacheza, ila hawajui vizuri.”

“Nitakufundisha. Mama yako hatakuita?”

Ile sauti nyembamba ilikaribia kumvunjikia, akaikamata tena.

“Mama yangu hayupo,” alisema. “Nina muda wote.”

“Basi jifiche. Mimi nahesabu. Na usiniibie!”

Akaanza kuhesabu, akiruka namba. Mwanamke yule wa makamo akanyanyuka kwa kujizuia magoti yasilie, akaingia nyuma ya chandarua, akajikunja, akaziba mdomo kwa kiganja ili asisikike anavyohema.

Zaveria alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka alipofika uwanjani, ndipo akageuka. Alijua asichokiona Hado, kwamba mgeni yule ni mtu mzima, na alichokijua Felista, kwamba kwa mtu mzima Hado angekaa kimya, na alijua kwamba angeweza kuumaliza uongo ule kwa kidole kimoja. Hakujua ni nani kati ya wale wawili ambaye angemfanyia wema.

Ofisini, wapakizi walikuwa wameshatoa meza, kabati na viti. Dereva wa lori alikuwa ameinama kwenye mtambo, akifuatisha nyaya kwa vidole apate pa kuchomoa.

“Huo uacheni,” alisema Zaveria.

“Nimeagizwa nichukue vyote, Daktari.”

“Huo uacheni hapo hapo, ukiwa unawaka. Nitajibu mimi.”

Dereva alinyoosha mgongo. Alitazama nje, kwenye uwanja uliomea nyasi, kwenye njia ya tangi ambako hakukuwa na mtu, kisha akamtazama yeye kwa mashaka.

“Kwani bado wapo watoto wanaoutumia?”

“Yupo mmoja,” alisema Zaveria.